Maswali ya Papa Bahati Juu ya Herode

Mwanangu, kuna Jumapili moja ya Majilio hapa kwetu Pinga ambayo mpaka leo naikumbuka kwa uchungu. Wewe unafunga begi kwenda Goma kusomea mambo ya dini, ndiyo maana nakuhadithia.

Nilikuwa msichana, ndiyo kwanza nimetoka huko huko Goma kusomea ukatekista. Papa Bahati, katekista wetu mzee, mkulima wa mihogo aliyenifundisha hata kusoma, alikuwa akieleza kanisani kwamba miaka yetu inahesabiwa tangu Yesu alipozaliwa. Aliongea polepole, kama kawaida yake. Nikasimama bila kuombwa.

"Papa, haiko vile," nikasema. "Yesu alizaliwa Herode iko muzima, na Herode alikufa mwaka wa kwanza haujafika bado. Mwenye kuhesabu miaka hii zamani alikosea. Unatufundisha uongo."

Papa Bahati hakukasirika. Alifunga Biblia yake, akasema, "Mutoto wetu iko na haki, anasema kweli," akaenda kukaa.

Sikumwona tena mbele ya watu. Darasa lake la dini likawa langu, nami nikajiambia kwamba uzee umemchosha. Mara mbili tulikutana njiani, yeye akitoka shambani. Mara mbili alianza, "Mutoto wangu, iko kintu nilitaka kukuuliza juu ya Herode." Nikamjibu nina haraka, nitapita kwake kesho. Sikupita. Nilidhani anataka kubishana, na kusema kweli, niliona haya kumtazama usoni.

Homa ilimchukua nikiwa safarini Masisi. Niliporudi walikuwa wameshamzika.

Mjane wake, Mama Furaha, aliniita akanipa daftari la marehemu. Ndani, kwa kalamu ya risasi, mzee alikuwa amepanga watawala wote wanaotajwa kwenye Injili: Herode, Kaisari Agusto, gavana wa Siria aliyehesabu watu wakati Yesu anazaliwa, mwaka wa kumi na tano wa Kaisari Tiberio. Miaka alikuwa ameitoa kwenye maelezo madogo ya chini ya kurasa za Biblia yake ya Kifaransa, akajumlisha na kutoa, akafuta, akaanza upya. Mwaka wa kifo cha Herode alikuwa nao zamani. Chini aliandika: "Kama gavana alihesabu watu Herode akiwa amekwisha kufa, Yesu alizaliwa wakati gani? Kumuuliza mutoto wetu akitoka Goma."

"Siku ile alikuwa hajamaliza," Mama Furaha akaniambia. "Mambo ya Herode ndiyo alikuwa anakwenda kusema. Alikungojea miaka mitatu yote ulikuwa Goma, mupate kuhesabu pamoja."

Swali la Papa Bahati, mwanangu, ni gumu. Nimewauliza wasomi, nao wanatofautiana. Lakini tungeweza kukaa wawili, tukalitazama. Nilimnyima hilo, na msamaha sikumwomba.

Basi, huko utajifunza miaka mingi, na utarudi ukijua tarehe ambazo sisi hatuzijui. Ukimsikia mzee akikosea, mwache amalize kwanza. Kisha mfuate nyumbani kwake, umuulize amefikaje hapo. Na ukiwa umemwumiza mtu, nenda siku hiyo hiyo, hata kama miguu inakataa.

Mungu akufungulie akili, mwanangu, na akuachie moyo wa kusikiliza. Akulinde barabarani, akurudishe kwetu ungali ukiuliza.