Bakuli la Kuchuchumalia

Miaka mitatu nililinda bakuli moja. Watu wakiniuliza Doha nilifanya kazi gani nawajibu hivyo hivyo, na wanaocheka wacheke. Ukumbi wa makumbusho ulikuwa na vyombo vingi, lakini pale nilipopangiwa kusimama, saa nane kwa siku, mbele yangu lilikuwa bakuli la udongo la Iraki, lenye umri wa miaka elfu na zaidi. Ndani lilichorwa ndege aliyebana jani mdomoni, na kila nafasi iliyobaki ikajazwa vitone.

Wageni walilitupia jicho wakaenda zao. Sikuwalaumu. Ukilitazama umesimama wima ni kahawia tu, kama chai iliyomwagika kwenye kitambaa. Mimi nililijua siku kamba ya kiatu ilipofunguka. Niliinama kuifunga, nikainua macho, loo! Ndege mwili mzima alikuwa anawaka dhahabu.

Tangu siku hiyo nikawa natega sikio waongozaji wa wageni wakipita. Nikajua kuwa hamna dhahabu hata chembe mle. Mfinyanzi alilichoma mara ya kwanza likiwa jeupe, akachora juu yake kwa mchanganyiko wa fedha na shaba, akalirudisha kwenye tanuri la moshi, hewa imebanwa. Likitoka lina masizi. Analifuta, ndipo linameta.

Sisi walinzi hatukuruhusiwa kuongea na mgeni, isipokuwa akiuliza choo kiko wapi. Sasa asubuhi moja akaja bibi mmoja wa Kiomani, mkongojo mkononi, akajisemea peke yake kwa Kiswahili safi cha Unguja, "Hili nalo wamelileta la nini?"

Mimi mtoto wa Mombasa. Mtu mzima aseme lugha yangu mbele yangu, nimnyamazie kama gogo? Ningekuwa nimelelewa na nani? Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu! Kumbe wa kwetu!"

Nikamwambia achuchumae kidogo, alitazame kwa ubavuni. Akaniegemea begani, akashuka polepole. "Mashallah, mashallah," akasema, na akagoma kuinuka. Ndipo mkwewe alipoingia akamkuta mama wa watu chini na mlinzi kamshika mkono. Bibi alijaribu kumweleza, lakini yule bwana alishakwenda kulalamika.

Mchana ule supavaiza wangu, Mkenya mwenzangu wa Nakuru, akaniita na barua mkononi: eti nimemlazimisha mgeni kupiga magoti. Onyo moja nilikuwa nalo tayari, la kuchelewa. La pili lilikuwa la kunitoa ukumbini, na mkataba wangu ulibakiza miezi miwili.

"Saini tu, dada. Andika pole hapo chini, isihesabiwe onyo, mambo yaishe," akasema. "Wewe ni soja, si mwalimu."

Hasira zilinipanda mpaka masikio yakawa moto. Pole ya nini? Ya kumwamkia mkubwa wangu? Nikamwambia twende kwanza ukumbini akalione hilo bakuli. Akaja, funguo zikimlia kiunoni.

"Haya, niko hapa. Nionyeshe."

"Chuchumaa."

"Mimi?"

"Wewe, ndiyo."

Wageni wawili waligeuka. Akaitazama suruali yake iliyonyooshwa pasi, akawatazama wale wageni. "Siwezi kuchuchumaa mbele ya watu na yunifomu. Naona vizuri tu kutoka hapa. Ni bakuli ya kahawia."

"Basi hujaliona. Na barua ya jambo ambalo hujaliona, mimi siisaini."

Jumapili iliyofuata nilikuwa kwenye lango la maegesho la mnara mmoja wa ofisi, mtaa wa West Bay, juani, nikiinua na kushusha kizuizi cha magari. Mkataba haukuongezwa. Kabla ya kurudi nyumbani nilidai kuona faili langu, na karani akanifungulia. Barua ilikuwemo. Mhuri upo, saini ya supavaiza ipo. Penye jina langu pako peupe.