Uzi Mwekundu wa Mama Perez

Watu wa Dunga wakisema mama yangu ni mpole, mimi hukasirika. Mama Perez si mpole hata kidogo.

Mwaka wa 1986 wavu wake uliibwa ufuoni. Siku tatu baadaye Ogola, mvuvi wa hapahapa, alikamatwa akiuuza sokoni Otonglo. Mjinga huyo alisahau kwamba mama huziba matundu ya nyavu zake kwa uzi mwekundu, na Dunga nzima inaujua. Wavuvi walimleta ufuoni wakiwa na mawe. Mama akasimama mbele yake, kasia mkononi.

"Mkimvunja mikono, nani atanishonea nyavu?"

Chifu alitaka apelekwe kortini afungwe. Mama akakataa. "Bwana Chifu, huko jela atajificha. Mimi nataka akae hapa, mchana, kila mtu amwone."

Basi mwaka mzima Ogola aliketi mchangani akishona nyavu za mama kwa uzi uleule mwekundu. Wanawake wanaouza samaki walimcheka mpaka wakachoka. Akikosea, mama alifumua yote na kumrudishia. Wengine walisema hiyo si adhabu. Hao hawakuwahi kumshonea mama yangu wavu.

Sasa ni 1995. Wavu ukichanika popote, kuanzia Dunga hadi Kisian, unaletwa kwa Ogola. Mama amezeeka, haoni tena tundu la sindano. Stoo ya nyavu bado ni yake, na ina kufuli moja kubwa.

Ufunguo anao Ogola.