Pini Mdomoni mwa Fundi

Mume wangu ni fundi cherehani, na ubishi wake ungetosha kushona suti tatu. Ana ugonjwa wa ngozi, soriasisi. Hauambukizi, lakini nenda kamwambie hivyo mteja anayeona magamba meupe yakidondokea kitambaa chake cheusi! Wengi walikuja kuchukua vitambaa vyao kimyakimya. Siku vidole vilipopasuka vikaacha damu kwenye gauni la bibi harusi, akakubali kwenda hospitali.

Daktari alituambia kinga ya mwili wake imegeuka kushambulia ngozi yake mwenyewe. Akampa vidonge vya kuituliza, vya kumeza mara moja kwa wiki, na akasema wazi: damu ipimwe kila inapotakiwa, na akiona homa au vidonda mdomoni, asimeze tena, aje mbio.

Vidonge vilifanya kazi. Mikono ilitakata, nikawa naishika mbele za watu bila yeye kuivuta. Wateja wakarudi. Ila akaanza kukwepa kupima damu.

"Nimepona, nikatobolewe ya nini?"

Sasa, fundi huyu hubana pini kwa midomo anapopima nguo, miaka yote. Kwa hiyo alipoanza kula huku amekunja uso, jibu alikuwa nalo.

"Pini tu hizi, mama watoto."

"Pini gani zinachoma mpaka kooni?"

"Kwani wewe umeshawahi kuwa fundi?"

Nilichoka naye! Nilijua anachoogopa: daktari akijua, dawa itasimamishwa na magamba yatarudi. Mimi nilitaka mume, yeye alitaka mikono.

Homa ilimwangusha akiwa anapinda suruali. Hospitali wakakuta vidonge vimeshusha chembe zake za damu vibaya, wakamlaza, dawa ikasimamishwa.

"Ungekuja na kidonda cha kwanza," daktari alimwambia, "huenda tungepunguza dozi tu."

Nilimtazama mume wangu. Yeye alitazama ukuta.

Sasa yuko nyumbani. Damu ikikaa sawa huenda akapewa dawa nyingine, hakuna anayeahidi. Nimemshonea kijimto cha kuchomekea pini, cha kufunga mkononi. Jana nilipokuwa namfungia, niliona magamba yamesharudi mpaka kwenye kiwiko.

"Kaza," alisema. "Kisining'inie mbele ya wateja."

"Wateja gani?" Ilinitoka tu.

Alichukua pini, akaifikisha midomoni, akasita, kisha akaichomeka kwenye kijimto.