Gari Dogo la Mama wa Gulfton

Mume wangu alipopunguza shifti zake hospitalini, nilidhani ataanza kulala mchana kama wanaume wengine wa kanisa letu hapa Arlington. Badala yake alitoka asubuhi moja akisema anakwenda Carrollton kuona kitu, na kabla sijamaliza kupika chakula cha mchana akarudi akiendesha basi.

Nilitoka nje na taulo ya vyombo mkononi. Lilikuwa limeziba nyumba yetu yote isionekane barabarani, na ndani lilikuwa nyumba kweli: kitanda, jiko la gesi, choo, na mapazia ya rangi ya chai. Huku huitwa RV. Wazee waliomuuzia walikuwa wamezunguka nalo nchi nzima mpaka wakachoka. Sasa mume wangu, ambaye miaka yote niliyomjua huanza kulalamika mgongo kabla hatujafika Fort Worth, alikuwa ameamua kwamba ni zamu yetu.

"Mama watoto," aliniambia, akilipigapiga ubavuni kama mtu anayeonyesha ng'ombe wa maziwa, "hatutalipa hoteli tena."

"Hatujawahi kulipa hoteli," nikamjibu. "Sisi hulala kwa watu."

Safari yetu ya kwanza ilikuwa Galveston, pwani. Nitasema haki: tulifika salama. Mume wangu aliunganisha umeme, akaunganisha maji, akaunganisha ule mpira wa maji machafu huku amegeuza uso, akakunjua turubai la kivuli na kupanga viti viwili chini yake. Kisha akakaa, akanyoosha miguu, akaomba chai. Nikafungua friji. Maziwa tulikuwa tumeyaacha Arlington.

Mtu asiyejua Wakenya atasema, si mnywe ya rangi tu. Mume wangu hasemi hivyo. Duka lilikuwa mbali, jua la Texas ni jua la Texas, na gari tulilokuwa nalo ni lile basi. Basi akakunja turubai, akachomoa umeme, akachomoa maji, akageuza uso tena, akafunga kabati zote zisimwage vikombe, tukaendesha nyumba nzima kwenda kununua maziwa. Pale dukani tulipaki kwa kulala juu ya mistari ya nusu ya uwanja. Nilipokuwa nashuka, bibi mmoja wa Kimarekani alikuwa amesimama mlangoni na mkono wa blauzi ameshaukunja. Alidhani ni kliniki ya kuzunguka. Akaniuliza kama tunapima presha.

Nilimwambia la. Lakini mimi ni nesi, na mashine huwa ninayo mkobani, na mkono alikuwa ameshautoa. Kwa hiyo nilimpima, pale pale kwenye ngazi. Mume wangu alipotoka na maziwa alikuta wa pili anasubiri.

Jioni ile alianza kuwachungulia majirani. Karibu kila basi kambini pale lilikuwa na gari dogo pembeni, na wenyewe walikuwa wakiingia na kutoka kama watu waungwana. Alienda kuwasalimia mmoja mmoja na akarudi na elimu. Magari yale hukokotwa nyuma ya basi kwa chuma maalum, magurudumu yote manne yakiwa chini yanajizungukia yenyewe. Ukifika, unalifungua, unaenda zako dukani.

"Tutalikokota langu," akasema. Lake ni pikapu, na pikapu lenyewe ni karibu ukubwa wa jiko na chumba cha kulala.

"Na basi letu litavutwa na nini?" nikamuuliza. Lakini alikuwa ameshauliza, na ameambiwa: kile chuma kina uzito wake wa mwisho, na pikapu limeupita. Basi akaligeukia langu. Langu ni jepesi kiasi, ila ni la otomatiki, na gari la otomatiki, kwa maelezo aliyopewa, likivutwa injini ikiwa imezimwa, mafuta hayatembei ndani ya gia, na gia huungua. Nilishukuru Mungu kimyakimya kwa ajili ya mafuta hayo.

Kwa hiyo tukaanza kutafuta gari jepesi, la bei ya watu wa kawaida, linaloweza kukokotwa. Niliandamana naye kwa muuza magari mmoja wa Arlington, kijana mwenye tai na meno meupe, na sitasahau uso wake. Alianza kutueleza nguvu ya injini. Mume wangu akamwinulia mkono.

"Injini si muhimu sana," akasema. "Nataka kujua linakwendaje likiwa limezimwa."

Kijana akanitazama mimi. Nikatazama matairi.

Ikawa hivyo wiki baada ya wiki. Ama gari ni jepesi lakini la otomatiki isiyokokotwa, ama linakokotwa lakini ni zito, ama ni jepesi na linakokotwa na bei yake inatosha kununua basi jingine. Binti yetu, ambaye ukimwuliza kwa Kiswahili hukujibu kwa Kiingereza, alimwambia baba yake kwamba watu wengine wakipungukiwa maziwa huletewa. Baba yake alisema huko si kusafiri.

Mwishowe picha ilitokea kwenye kundi la WhatsApp la kanisa. Gari dogo la Kijapani, la gia za mkono, rangi ya samawati iliyopauka kwenye paa, linauzwa na familia ya Wakongo kule Gulfton, Houston. Mume wangu alikitafuta kitabu cha maelezo ya gari hilo mtandaoni, akakisoma akiwa amevaa miwani miwili, mmoja machoni na mmoja kichwani, akanisomea kwa sauti: linaruhusiwa kukokotwa magurudumu manne chini, gia ikiwa huru. Sijawahi kumsikia akisoma Zaburi kwa furaha ile.

Tukateremka Houston na pikapu Jumamosi asubuhi. Gari tulilipata mbele ya jengo la ghorofa mbili, katikati ya majengo mengine ya namna ile ile, watoto wakicheza mpira baina ya magari na nguo zikikauka kwenye vizuizi vya ngazi. Baba wa familia hiyo alitupokea vizuri. Alitoka upande wa Bukavu, akifanya kazi kwenye ghala, na Kiswahili chake kilikuwa kinapinda mahali ambapo chetu hunyooka, "njo" yao ikiwa "ndiyo" yetu, lakini tulielewana.

"Gari iko nzuri sana, papa," alimwambia mume wangu. "Watoto njo wamekuwa wengi. Hatuenee tena."

Mume wangu akaomba kulijaribu. Alisema, kwa sauti ya kutosha kusikika ghorofa ya pili, kwamba yeye alijifunza gia za mkono kwenye milima ya Limuru. Akaingia, magoti yakagusa usukani, akawasha. Gari likaruka mbele kama chura na kuzima. Akawasha tena. Likaruka, likazima. Mpira wa watoto ulisimama. Mara ya tatu lilikwenda, na alizunguka uwanja mzima bila kubadilisha gia hata moja, likilia kama mashine ya kusaga.

Aliposhuka, mama mmoja alikuwa amesimama kwenye ngazi, kitenge kiunoni, mikono imekunjwa. Alikuwa mke wa yule baba.

"Ile gari iko yangu," akasema. "Haiko yake. Ni miye nilijifunzia mule, njo inanipeleka ku kazi kila siku. Munataka kuifanyia nini?"

Mume wangu alimweleza kwa upole kuhusu basi, na chuma, na magurudumu manne chini. Yule mama alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamgeukia mume wake.

"Wanataka kuikokota? Gari yangu? Kamba ku shingo, sawa mbuzi ya soko?"

"Si kamba, mama, ni chuma," mume wangu akasema, na hapo akaharibu kabisa.

Yule mama akarudi ndani. Mlango haukupigwa, ila ulifungwa. Wanaume wawili wakabaki wakiangalia matairi, kazi ambayo wanaume wakishindwa na neno huifanya popote duniani. Nikapanda ngazi, nikabisha.

Alinikaribisha, akanipa kiti na maji. Niliona kwamba hakuwa amekasirika sana. Alikuwa na huzuni. Alinieleza kwamba alipofika nchi hii alikuwa akipanda mabasi mawili kwenda kiwandani, na mvua ya Houston ikinyesha mabasi hayaji. Gari lile lilikuwa kitu cha kwanza hapa kilichokuwa na jina lake peke yake. Alijua lazima liuzwe, kwani watoto walikuwa hawaingii tena na gari kubwa limeshapatikana. Lakini alikuwa amefikiria litakwenda kwa msichana wa chuo, au nesi, mtu wa kuliendesha.

"Mimi ni nesi," nikasema.

"Unajua gia za mkono, mama?"

"Sijui."

Alinitazama, kisha akacheka, na kucheka kwake kulikuwa kukubwa kuliko chumba. "Basi twende. Kama utaweza kuiendesha, nitakuuzia wewe. Papa ule, hapana."

Ndivyo nilivyojikuta, nikiwa na umri wa kuitwa nyanya kanisani, nafundishwa kuendesha gari kwenye uwanja wa Gulfton mbele ya watoto waliokaa juu ya ukuta kama ndege. Mume wangu alijaribu kunipa ushauri dirishani. Yule mama akamwomba asimame kule mbali, papa, tafadhali.

"Acha mguu polepole," aliniambia. "Hapana kukanyaga sawa mutu anaua nyoka. Sikia gari. Itakuambia."

Nilizima. Nikazima tena. Nilitoka jasho mpaka kitambaa changu cha kichwa kikateleza. Lakini kulikuwa na dakika moja nilipoachia mguu na kitu chini yangu kikashika, laini, kama mkono unaposhikwa na mtoto mnapovuka barabara, na gari likaondoka. Nikatia gia ya pili. Watoto wakapiga makofi. Mama wa Gulfton alikuwa akipiga dashibodi na kiganja akisema, "Voilà! Voilà, mama!" Na mimi, ambaye nilikuja Houston kumsindikiza tu mume wangu, nililitaka gari lile kuliko alivyolitaka yeye.

Tuliandikiana karatasi, akaniandika mimi. Alikifuta kioo kwa pindo la kitenge chake, akasema neno kwa lugha ya kwao ambalo sikulielewa na sikuuliza.

Mume wangu ndiye aliyeliendesha kurudi, kwa sababu barabara kuu si uwanja wa Gulfton, nami nikamfuata na pikapu. Alifika Arlington akichechemea. Klachi ilikuwa imemmaliza goti la kushoto, na kwa muda mrefu baadaye niliendelea kulikanda kwa mafuta huku nikimwuliza habari za milima ya Limuru. Mimi nilijizoeza barabara za mtaani jioni, kisha nikaanza kwenda nalo kazini. Fundi alifunga chuma chake mbele, na kifaa cha breki ndani, na tukaondoka tena kuelekea pwani, basi mbele, gari la samawati nyuma, mimi nikilichungulia kwenye skrini ya kamera ya nyuma kila mara kama mtu aliyeacha mtoto kiti cha nyuma.

Kabla ya kufika Houston mume wangu aliingia kituo cha petroli. Aliingia upande usiofaa, akajikuta ametazama ukuta na pipa la takataka. Sasa, jambo moja ambalo majirani wa Galveston hawakumwambia, au walimwambia akasahau, ni kwamba ukiwa umekokota gari namna hii huwezi kurudi nyuma. Magurudumu ya mbele hujipinda na chuma hupinda nayo. Alijaribu kidogo tu, nikapiga kelele. Nyuma yetu malori yakaanza kupiga honi.

Alizima injini, akaweka mikono yote miwili juu ya usukani.

"Mama watoto," akasema, akitazama ule ukuta, "utanisaidia?"

Nilishuka. Nikachomoa pini, nikakunja chuma, nikaingia kwenye gari langu. Dereva mmoja wa lori alikuwa amejitoa dirishani kutazama nitazima mara ngapi. Sikuzima. Nililitoa taratibu, nikalipaki kando, nikarudi kwa miguu kumwongoza mume wangu kwa mikono, kushoto, kushoto, simama, mpaka basi likatoka kinyumenyume.

Kulifunga tena gari kungechukua muda, na joto lilikuwa kali. Nilimwambia aendeshe basi lake, nami nitaendesha langu hadi pwani. Hakubisha. Nilipitia Gulfton nikamchukua yule mama aliyeniuzia gari na wanawe wawili wadogo waliotosha kiti cha nyuma, maana tulikuwa tumewaalika wapumzike nasi ufukweni. Tulimpita mume wangu kwenye daraja la kuingia Galveston. Alitupungia mkono kutoka kule juu, naye mama akampungia, akaniambia nisipunguze mwendo.