Mkeka wa Mbele

Juzi nilishuka Albert Park, hapa Durban, kumpelekea mama dawa zake, nikapita pale ilipokuwa saluni yake. Siku hizi wanauza kava za simu na chaja. Kijana wa Kikongo aliyekaa mlangoni akanikaribisha, "Ingia maman, iko bei muzuri," nami nikasimama tu, nikinusa. Unajua, msomaji wangu, harufu ya dawa ya nywele haitoki ukutani. Ipo bado, chini ya rangi mpya, na ilinirudisha kwenye umri wa miaka kumi na mitatu, nimeshika ufagio, nafagia nywele za watu.

Saluni ile ilikuwa na mama yangu, mashine za kukaushia nywele, redio ya nyimbo za kanisa, na msusi mmoja aliyetoka Uvira, kwetu Kongo. Nilimwita tantine, kama watoto wa Kikongo wanavyomwita kila mwanamke wa rika la shangazi zao. Alikuwa amekauka, macho yamezama, meno ya pembeni hayapo, kitenge amekifunga kama mama wa watoto sita. Hakuwa na mtoto hata mmoja. Alikula sombe, kisamvu chetu, na fufu amesimama, na jioni vidole vyake vilivimba kwa kusuka.

Jumamosi mchana nilikuwa na maisha mengine. Mwanafunzi mmoja wa Kihindi, mteja wetu wa rangi ya nywele, alipanga chumba Glenwood, na humo tulikusanyika mashabiki wa bendi moja ya roki ya Kijapani. Wanaume wale walijipaka poda nyeupe na wanja mzito, wakapiga magitaa kwa hasira na kulia humohumo. Kwa nini watoto wa Durban, Wazulu, Wahindi na mimi Mkongo, tulipenda kilio cha lugha tusiyoijua? Labda tulipenda kwamba huzuni yao waliipamba badala ya kuificha.

Mle ndani hatukuulizana umri. Ukubwa ulihesabiwa tangu siku ulipojiunga nasi, basi. Tuliiga hivyo kwa mashabiki wa Japani, au tulivyodhani wao hufanya. Wa zamani alikaa mkeka wa mbele, karibu na televisheni. Mgeni alikaa nyuma, mlangoni, akachemsha chai, na kila mkubwa wake alipopita aliinamisha kichwa. Mimi niliingia mapema, kwa hiyo nilikaa mbele. Hata watu wa chuo kikuu walinipisha! Nilijiona malkia, nakwambia.

Siku moja tantine alinikuta mbele ya kioo cha saluni nikifanya zile ishara za mikono ambazo mashabiki hufanya pamoja. Hakucheka. Aliniomba nimfundishe. Nikampeleka Glenwood, wakampaka poda, akakaa nyuma kabisa, na mimi nikawa mkubwa wake. Kwetu ndugu mkubwa huitwa yaya. Aliniita hivyo bila mzaha, akainama. Lo, alivyotikisa kichwa muziki ulipopanda! Nywele alizozificha wiki nzima chini ya kilemba zilifagia sakafu. Wakati wa kurudi, tukiteremka kwa miguu kuelekea mjini, alifuta poda kwa pindo la kitenge na kusema, "Siku moja na miye nitafika ku mkeka wa mbele, yaya. Utaona." Sikuwahi kumsikia akitaka kitu kingine.

Mazoea yakamponza. Ijumaa moja saluni ilijaa akina mama wa kanisani, nami nikaingia na sare ya shule, nikapita mbele yake. Akiwa na kitana mkononi, akainamisha kichwa.

"Yaya," akasema.

Mama akazima mashine aliyoishika.

"Unamuita nani yaya?"

"Ni muziki tu, maman. Kule tunaendaka siku ya Jumamosi..."

"Kule wapi? Mama muzima, unamuinamia mutoto yangu? Iyo ni dini gani?"

Nilieleza, nikaapa, nikalia. Nani angeelewa? Kanisani kwetu watu waliamini kwamba mtu mzima akimnyenyekea mtoto, kuna kitu anakitaka kwake, na kitu chenyewe si kizuri. Mama aliogopa, nami siwezi kumlaumu kwa kuogopa. Yaliyotupata njiani kuja huku yalimfundisha. Lakini alimfukuza palepale, kichwa cha mteja kikiwa kimesukwa nusu. Tantine alivua aproni, akaikunja vizuri, akatoka bila kuniangalia.

Glenwood nilikatazwa, na yeye hakurudi huko. Tulisikia anasuka watu barabarani, karibu na robot, zile taa za magari, kisha kwamba amehamia Johannesburg. Miaka michache baadaye mchungaji akasoma tangazo la kifo chake, ugonjwa wa mapafu. Alitaja jina lake la ubatizo, ambalo sikulizoea, kisha akataja umri: ishirini na sita.

Mama aligeuka kunitazama. Midomo yake ilikuwa inahesabu. Siku alipofukuzwa saluni, yule mama mzima alikuwa msichana wa miaka ishirini na miwili. Hata mwanafunzi wa Glenwood alimzidi umri. Vita na njaa vilimzeesha, nasi sote tukausadiki uso wake, mimi wa kwanza.

Nimeshampita umri kwa miaka mingi sasa, na inaniuma. Wenzetu wa Glenwood wametawanyika, chumba kile wamekaa wanafunzi wengine, na sijui kama yupo anayekumbuka kwamba tuliwahi kuinamiana vichwa. Hivi karibuni bendi ile ya Kijapani ilirudi jukwaani kuaga mashabiki, wakaonyesha mtandaoni, kwetu ikiwa mchana. Nilitandika mikeka miwili sebuleni. Nikakaa ule wa nyuma, mlangoni, karibu na birika. Binti yangu akaja mbio na vitafunwa vyake, akataka kukaa mbele.

Nikamwambia pale pana mtu.