Gilasi ya Kwanza ya Teofil

Ukiniuliza Teofil alikuwa mlevi wa namna gani, nitakwambia: wa kulala mtaroni Jumapili watu wakipita kwenda kanisani. Sifichi. Uzio wangu aliuangusha mara mbili, na mara ya pili akaulalia hapo hapo. Mkewe Stefania ndiye aliyekuwa akimzoa. Siku Stefania alipokata roho hospitalini, bwana alikuwa baa, na binti yao Lidka, mtoto wa miaka kumi na sita, akamfumba mama yake macho peke yake.

Jikoni Stefania aliacha mtungi wa kioo uliojaa cheri chachu, kazilowesha kwenye spiriti. Ilikuwa nalewka yake ya kila mwaka, pombe ya matunda ambayo kwetu hatuuzi, tunapeana zawadi. Baada ya maziko Teofil aliketi mbele ya ule mtungi kutwa nzima. Nikasema moyoni, leo huyu atabugia mpaka kokwa. Hakugusa. Jioni akaja mlangoni kwangu kuniuliza sukari hutiwa lini.

Tangu hapo hakuonja tone. Miaka kumi na moja! Kila Julai alichuma cheri za marehemu, akazitoa kokwa kwa pini ya nywele, akabakiza konzi moja na kokwa zake kwa ajili ya harufu, akazimwagia spiriti iliyopunguzwa kwa maji yaliyochemshwa. Wiki sita dirishani. Halafu anachuja, anayafukia matunda kwenye sukari mpaka yateme maji yake, anachanganya, anaiacha itulie mpaka Pasaka. Kwa kuwa hakuthubutu kuilamba, alikuja kwangu na kijiko: "Jirani, imekaaje?" Mimi ndiye niliyemwambia kama ni kali au tamu mno. Chupa alizipeleka kwa watu aliowakosea, nyumba hadi nyumba, kofia mkononi. Watu wakacheka mpaka basi. "Mlevi kageuka mgawa pombe!" Wacheke tu. Mwisho karibu wote walimpokea, hata padri.

Chupa ya Lidka peke yake ndiyo iliyorudi kila mwaka. Alikwishahamia mjini. "Baba, usinifanye mjinga," alimwambia kwenye simu. "Uishi na mitungi ya pombe ndani ya nyumba, usinywe? Wewe?"

Basi mwaka ule, wiki moja baada ya Pasaka, Lidka akapiga simu mwenyewe. Kachumbiwa. Wazazi wa mchumba wanataka kumwona baba mtu Jumapili, chakula cha mchana. Kisha akasema, "Na ulete ile ya mama."

Teofil alivuka ua mbio, miguuni ndara. "Kaiomba, Genia! Kaiomba kwa kinywa chake!" Alikuwa analia, mtu mzima yule. Alitaka jambo moja tu duniani, kumshika mkono bintiye siku ya harusi na kumfikisha mbele ya padri. Lakini Lidka aliweka sharti. Wakwe aliwaambia baba yake alikuwa kazini Ujerumani miaka yote, kwa hiyo habari za ulevi zisitajwe kabisa. Teofil akaniomba nimsindikize.

Baba wa mchumba aliitwa Walery, bwana misitu mstaafu, tumbo mbele, mcheshi kupita kiasi. Tulikula supu, tukala bata, tukafika kwenye keki. Hapo Walery akaiinua chupa kwenye mwanga wa dirisha. "Mzazi mwenzangu, rangi hii si mchezo!" Akajaza kigilasi kimoja, akakisukuma mbele ya Teofil. "Haya. Nyumba hii, aliyetengeneza ndiye anayefungua."

"Samahani, bwana Walery. Tumbo langu, natumia dawa."

"Kigilasi hiki? Hiki chenyewe dawa!"

"Nipe mimi," nikasema. "Mimi ndiye mwonjaji wake."

"Kwani wewe mkewe, mama?" Meza nzima ikaangua kicheko. "Bwana, unatutia wasiwasi. Au umetutilia sumu humo?"

Alikuwa anatania tu. Lakini mkewe aliacha kutabasamu, na mchumba akamtazama Lidka kama anayeuliza, baba yako ana nini? Teofil aliyashika magoti chini ya meza, mikono isionekane. Nami nikamkazia macho yule msichana. Sema, mwanangu. Sema neno moja tu, umwokoe baba yako.

Lidka akamwinamia. "Baba, kunywa bwana. Kimoja tu. Usinitie aibu mbele ya watu."

Teofil akamtazama bintiye usoni. Kisha akakichukua kile kigilasi, akakimaliza kwa mkupuo. Walery akapiga makofi, akajaza cha pili. Hicho alikinywa bila kuombwa.

Nilimfuata Lidka jikoni, damu inanichemka. Nilitaka kumtandika kofi, Mungu ananiona. "Miaka kumi na moja, Lidka! Unajua umefanya nini?"

Alikuwa anapanga vikombe, hata hakugeuka. "Shangazi Genia, mtu aliyeacha kweli hanyweshwi kwa neno moja. Nilijua tu kwamba hajawahi kuacha." Akajifuta macho kwa kiganja. "Harusini asije. Mwambie wewe, mimi siwezi."

"Nenda ukamwambie mwenyewe!"

Hakumwambia. Tuliporudi mezani chupa ilikuwa nusu, na Teofil alikuwa anaimba, amemshika Walery bega, na Walery anaimba naye kwa furaha.

Nilimwambia mimi, stesheni, jua bado liko juu, nimemwegemeza kwenye benchi asianguke. Ningeweza kungoja kesho yake. Sijui kwa nini sikungoja, hasira zilikuwa zimenipanda, na nyingine zilikuwa juu yake yeye. Nikamwambia: Lidka kasema usiende harusini.

Treni ikaonekana kwa mbali. Kisha akaniuliza, ulimi mzito, "Kwa sababu nilichelewa kunywa?"