Goti la Dada Mwanaidi

Juzi binti yangu alianguka akicheza netiboli hapa Tangini, na pia ya goti, kile kifupa cha mbele, ikahamia pembeni. Daktari alimnyoosha mguu taratibu, ikarudi. Akaonya kwamba kurudi si kupona: kano zinazoishikilia zilikuwa zimechanika, na mtoto asibebe kitu kizito kwa wiki kadhaa. Nilitoka nje na hasira, nikimkumbuka dada yangu.

Mchana mmoja wa utoto wetu kule Kibuta, katika harufu ya maganda mabichi ya muhogo, dada Mwanaidi alikuwa amechuchumaa akimenya. Aligeuka kuchukua muhogo mwingine, nikasikia ko, akapiga yowe. Nilikiona kifupa kimekaa ubavuni mwa goti. Baba mdogo, aliyetulea, alipofika, dada alikuwa ameshaunyoosha mguu, na goti lilikuwa kama la siku zote.

"Wewe umeona nini?" aliniuliza.

"Lilihama, baba mdogo, lakini limeshapona." Nilisema kwa furaha, maana nilidhani mfupa ukirudi mahali pake mambo yamekwisha.

"Umesikia, Mwanaidi? Limepona. Jitwike tenga la muhogo."

Alijitwika. Nilimsikia akigumia kila hatua hadi barabarani, nami nikimfuata nyuma nikitafuna muhogo.

Goti lile lilihama tena na tena, mpaka likaharibika kabisa. Sasa dada anaswali amekaa kwenye kiti. Baba mdogo, mzee wa magoti mazima, huswali mkekani, na akimaliza huwaambia wageni kwamba huyu uvivu kaanza nao utotoni.